Gemu la ngumi la laki mbili kasoro, na wapiganaji bado wana kufuli

Nina banda la gemu Kirumba, Mwanza, sio mbali na mwaloni, kwa hiyo naongea kama mtu anayekula kupitia gemu. Jina la hili gemu silitaji, ni la ngumi, la PS5, CD nimenunua mjini laki mbili kasoro.

Mapigano yenyewe matamu, hapo siwadanganyi. Pedi inaitika haraka, ngumi ikitua unaisikia mpaka mkononi. Shida ni ile skrini ya kuchagua mtu, picha zimepangwa pale, baadhi zinang'aa, zingine zimetiwa giza na kufuli juu yake, na yule jamaa wa mapanga aliyewekwa kwenye kava la CD naye ana kufuli!! Dogo ameshanipa jero yake, anamtaka huyo huyo, akibonyeza inakuja sehemu ya kulipia, namrudishia hela anaenda banda la jirani. Ni kama ununue sato mzima halafu muuzaji akwambie kichwa kinalipiwa kivyake.

Kumfungua bila hela inawezekana, ila ukae masaa na masaa unacheza mwenyewe kukusanya pointi, na bandani pedi ikiwa kwangu hakuna anayelipa huku luku inasoma. Ukiamua kulipa sasa, huuziwi mtu, unauziwa kwanza koini, na vifurushi vya koini havilingani na bei ya mtu, lazima ununue kikubwa zaidi, zinazobaki hazitoshi kununua chochote mpaka uongeze tena. Hiyo imepangwa makusudi, siwezi kuamini vinginevyo. Na sisi Tanzania hatuna duka letu la mtandaoni la PlayStation, akaunti zetu nyingi ni za Marekani au Afrika Kusini, unatafuta vocha ya nchi hiyo hiyo na anayekuuzia anaweka cha juu.

Gemu la bure kama eFootball wakiuza vitu ndani naelewa kabisa, si umepakua bure, watengenezaji nao wale. Lakini hizi kubwa zilikuwa dola 60, zikapanda mpaka 70, na bado mkono uko mfukoni mwangu.

Wakibanwa wanaweza kubadilika, tuliona mwaka 2017 kwenye Star Wars Battlefront II, gemu la vita la kampuni ya EA. Mhusika wake maarufu, Darth Vader, alikuwa anafunguliwa kwa kredi 60,000 za ndani ya gemu, watu wakachachamaa dunia nzima, EA wakashusha mpaka 15,000, na siku moja kabla gemu halijatoka rasmi wakazima kabisa manunuzi ya hela halisi. Ubelgiji nao 2018 tume yao ya kamari ikasema yale maboksi ya bahati nasibu ndani ya gemu, unayolipia bila kujua utapata nini, ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza FIFA Points, zile pointi za kulipia za gemu lao la mpira, kule. Kwetu madogo wanacheza tu, hakuna anayeuliza.

Nalipatia nyota mbili kwa tano, zote za mapigano. Kama unalitaka la kucheza nyumbani na una muda, haya. Kwa wenye mabanda wenzangu, msilinunue sasa, na gemu lolote jipya mwambieni muuzaji aliwashe mbele yenu, nendeni moja kwa moja skrini ya wapiganaji mhesabu kufuli kabla hela haijatoka mkononi.