Bibi abaki na mkaa au ahamie gesi ya mtungi?

Faida ya mkaa kwa mzee si bei, ni kipimo. Leo ananunua kopo moja, kesho ndoo nzima ikiwa mtoto katuma hela. Mtungi wa kilo 6 unadai fedha zote kwa mkupuo, na ukiisha ugali ukiwa jikoni hakuna wa kukuongezea kidogo. Hili wajukuu tulio mjini hulisahau.

Ila mkaa una hatari ya kimya. Jiko likiingizwa chumbani usiku wa baridi, kaboni monoksidi, hewa yenye sumu, hujaa bila harufu yoyote. Gesi hutiwa harufu kali makusudi. Shida ni kwamba pua ya mzee wa miaka 80 huenda isiinuse. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, hivyo mlango ufunguliwe kabla ya kuwasha kiberiti.

Kuinama kupepea moto, masizi, macho kuwasha: hapo gesi inashinda bila ubishi.

Mimi ningemhamisha, mradi mtu wa nyumbani awe anakagua mpira wa gesi na regulata, yaani kidhibiti kinachofungwa kwenye mtungi. Jiko la mkaa lisitupwe, lakini likae nje. Maharage ya Bibi yatalihitaji.