Justice League: Saa Mbili Zilizotuchosha, Saa Nne Zilizotukalisha

Jumamosi mbili mfululizo tulikusanyika sebuleni kwa dada yangu, Ujiji, tukatazama kisa kimoja kilichohaririwa mara mbili. Jumamosi ya kwanza tuliweka Justice League, filamu ya mashujaa wanaoungana kuiokoa dunia, iliyoingia kwenye majumba ya sinema Novemba 2017, yenye urefu wa dakika 120. Jumamosi iliyofuata tukaweka Zack Snyder's Justice League iliyotoka Machi 2021, yenye dakika 242. Ile fupi ilituchosha. Ile ndefu, ambayo nilisita kuwawekea wazee na watoto kwa pamoja, iliwakalisha wote mpaka karibu na mwisho, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hasa kinachoufanya mwendo wa filamu uwe mzito au mwepesi, maana kwa hakika si idadi ya dakika.

Kipimo changu kilikuwa mpwa wangu wa miaka kumi na miwili. Shangazi yangu, aliyeuza dagaa ufukweni Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa miaka mingi, hafahamu Kiingereza, kwa hiyo mtoto huyo aliketi mkekani karibu na miguu yake akimtafsiria, kama wafanyavyo wasimulizi wa filamu zilizotafsiriwa ambazo ndizo wengi wetu tumezikulia katika mabanda ya video. Yeyote aliyewahi kutafsiri filamu kwa mdomo anajua kwamba kazi hiyo inahitaji upenyo: mtu anaingia mlangoni, anatulia, mwenzake anamtazama, na katika utulivu huo mdogo ndimo msimulizi anamopata nafasi ya kusema huyu ni nani na amekuja kutafuta nini. Katika filamu ya 2017 upenyo huo haupo. Mpwa wangu alikuwa bado anaeleza habari za sanduku lililoibwa kwenye kisiwa cha wanawake wapiganaji wakati picha ilikuwa imeshahamia kwa Bruce Wayne, yaani Batman, na kabla hajamaliza ya Wayne tulikuwa tumefika kwa kijana mwenye mwili wa chuma. "Ngoja kwanza, mjukuu wangu, huyu naye ni nani?" aliuliza shangazi, na mtoto akamjibu kwa unyonge, "Bibi, hata mimi bado sijaambiwa." Wakati huo filamu ilikuwa haijafika nusu.

Kwa wasioijua historia yake, mambo yalikuwa hivi. Zack Snyder alipiga picha za filamu hii mwaka 2016, lakini Mei 2017 alijiondoa baada ya kufiwa na binti yake, na studio ikamkabidhi Joss Whedon, ambaye aliandika na kuongoza maonyesho mapya mengi. Iliripotiwa pia kwamba wakuu wa studio walitaka filamu isizidi saa mbili. Matokeo yake ni kitambaa kilichoshonwa na mafundi wawili ambao hawakukubaliana juu ya vazi linalotakiwa, kisha kikakatwa ili kitoshe kwenye sanduku lililokwisha kununuliwa. Mshono unaonekana hata usoni mwa Superman: Henry Cavill alirudi kupiga picha za nyongeza akiwa na masharubu aliyokuwa ameyafuga kwa ajili ya filamu nyingine, yakafutwa kwa kompyuta, na mdomo wake wa juu katika onyesho la kwanza kabisa unacheza kwa namna isiyo ya kibinadamu. Shangazi, ambaye hakujua lolote la habari hizo, aliuliza kama yule bwana aliwahi kupooza.

Kosa hilo la uso hata hivyo ni dogo. Kosa linaloumiza ni kwamba uhariri wa 2017 umekata sababu na kuacha matokeo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Lois Lane, mpenzi wa Superman. Superman, ambaye alikuwa amekufa, anafufuliwa akiwa hana kumbukumbu, anawashambulia wenzake mbele ya mnara uliojengwa kwa heshima yake, na karibu amuue Batman, ndipo Lois anapotokea na kumtuliza. Katika filamu fupi analetwa na gari kwa sababu Batman alikuwa amepanga hivyo, mpango ambao tunaujua siku ileile ya tukio. Katika filamu ndefu tumeshamwona mapema akitembea kwenye mvua hadi kwenye mnara huo, akimpa askari wa zamu kikombe cha kahawa kama mtu aliyezoea kufanya hivyo kila asubuhi. Kwa hiyo Superman anaposhuka kutoka angani, Lois yupo pale kwa sababu ya msiba wake mwenyewe. Hapo ndipo mpwa wangu hakulazimika kueleza chochote. Shangazi ndiye aliyemweleza yeye: "Mwanamke huyu alikuwa anazuru kaburi." Onyesho lile la mvua na kahawa ni fupi sana, na aliyelikata aliokoa muda mdogo akapoteza uzito wa nusu ya pili ya filamu.

Jambo kama hilo limempata Victor Stone, yaani Cyborg, na hapa ndipo ninapoilaumu filamu fupi bila kusita. Katika saa mbili zile yeye ni kijana mwenye hasira anayekaa gizani na kufungua kompyuta pale wenzake wanapohitaji mlango ufunguke. Katika saa nne yeye ndiye moyo wa kisa. Tunamwona akicheza mpira wa Kimarekani huku kiti cha baba yake kikiwa kitupu, tunaona ajali iliyomuua mama yake, tunaona baba akitumia kitu asichokielewa vizuri ili asimpoteze na mtoto pia. Kisha kuna onyesho ambalo lisingeweza kuishi katika filamu ya haraka: Victor anagundua kwamba anaweza kuingia katika mitambo ya benki zote, na badala ya kutikisa dunia anamtazama mama mmoja mhudumu wa hoteli aliyeishiwa fedha, anamjazia akaunti yake, halafu anabaki kumwangalia mama huyo akiwa ameduwaa mbele ya mashine ya kutolea pesa. Hakuna anayepigwa ngumi hapo. Ila baada ya dakika zile hatukumhesabu tena kijana huyo kuwa chuma.

Matunda yake yanaonekana baadaye, kwenye habari ya sanduku la tatu. Masanduku haya, yanayoitwa Mother Box, ndiyo yanayotafutwa filamu nzima, na yakikutana matatu dunia inaangamia. Katika toleo la 2017 mashujaa wanalitumia sanduku la mwisho kumfufua Superman, kisha ghasia inapoanza wanalisahau nje bila mlinzi, na adui Steppenwolf analichukua kwa urahisi unaotia aibu. Shemeji yangu, ambaye ni mtu mpole, aliweka chini kikombe cha chai na kusema kwamba hata mpishi wa harusini hulilinda sufuria lake kuliko hivyo. Katika toleo la 2021 sanduku liko mikononi mwa Silas, babake Victor, ambaye anajifungia nalo maabara na kulichoma kwa mionzi hadi linakuwa na joto kali mno, ili liweze kufuatiliwa popote litakapopelekwa. Anafanya hivyo akijua kwamba hatatoka hai, huku mwanawe akimtazama kutoka upande wa pili wa kioo. Adui anachukua sanduku lilelile, lakini tukio ambalo kwanza lilikuwa uzembe wa uandishi sasa ni kifo cha baba, na tena linaeleza namna mashujaa walivyompata adui. Katika filamu ya 2017 Silas hafi. Anaendelea kuwepo tu.

Baadhi ya watazamaji hudhani kwamba uhariri wa ghafla ni tatizo la mapigano peke yake, kwamba ngumi zinarushwa na jicho halijui zimempata nani. Hilo lipo, na katika mapambano ya handakini chini ya mji wa Gotham niliiona mikato ya haraka ikipoteza kabisa mahali alipo kila mtu. Hata hivyo mkato unaoharibu zaidi ni ule unaoukata uso wa anayesikiliza. Mtu akipewa habari nzito, kinachotuingia sisi watazamaji si ile habari, bali ni jinsi uso wake unavyoipokea. Filamu fupi mara nyingi inaondoka kwenye uso huo mapema, au inaleta mzaha. Mzaha wa Aquaman, shujaa wa baharini, kukalia kamba ya ukweli na kuanza kuungama hofu zake ulimchekesha mpwa wangu kwa haki, nami nilicheka. Lakini umewekwa wakati mashujaa wako njiani kwenda kufa, na baada ya kucheka pale hatukuweza tena kuogopa.

Sisi tuliolelewa na hadithi za jioni tunajua kwamba msimulizi huanza kwa kuomba ruhusa, na wasikilizaji hujibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Neno lenyewe ni kukolea. Chumvi hukolea katika mchuzi kwa kukaa, na aliyeepua chungu mapema hawezi kudai kwamba amepika kwa kasi.

Kuna onyesho moja la toleo refu ambalo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu lilinionyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Bruce Wayne amesafiri hadi kijiji cha wavuvi kule Iceland kumwomba Arthur Curry, yaani Aquaman, ajiunge naye, Arthur anakataa, anavua sweta lake, anaingia baharini na kutoweka. Kwenye toleo la 2017 tunasonga mbele mara moja. Kwenye toleo la 2021 kamera inabaki ufukweni. Wanawake wa kijiji, wakiwa wamevaa mavazi mazito ya baridi, wanaanza kuimba taratibu wakiyatazama maji, na mmoja wao anaokota lile sweta, analiweka puani na kunusa, huku wimbo ukiendelea. Nimesoma watu wakiudhihaki wimbo huo kwamba hauna kazi. Sebuleni kwetu haikuwa hivyo. Mpwa wangu alinyamaza kwa sababu maneno yalikuwa ya lugha ambayo hata yeye hakuielewa, na shangazi aliacha kuchambua mchele uliokuwa kwenye ungo mapajani mwake. Kibirizi mitumbwi ya dagaa huondoka jioni, katika majira ya giza ambapo mwezi haupo, na taa zake huonekana usiku kucha kwenye Ziwa Tanganyika kama mji mwingine uliojengwa majini. Wanaobaki ufukweni wanajua kuhesabu taa hizo. Mume wa shangazi alikuwa mvuvi. Shangazi hakusema kitu mpaka wimbo ukaisha, kisha akarudi kwenye mchele wake. Mhariri aliyeona kwamba picha ile haisogezi kisa mbele alikuwa sahihi kwa hesabu ya matukio, lakini kuanzia pale shangazi alimjua Arthur kuwa ni mtu ambaye kuna watu humsubiri, na kila aliporudi kwenye skrini alimtaja kama "yule wa majini," bila kuuliza tena ni nani.

Toleo refu lina makosa yake, na siyo madogo. Snyder anapenda picha za mwendo wa taratibu kupita kiasi. Pale Barry Allen, yaani Flash, anapomwokoa Iris West kwenye ajali ya gari, soseji zikielea hewani na vioo vikimeremeta, mwendo huo una maana, kwa kuwa ndivyo dunia inavyoonekana kwa mtu mwenye kasi kuliko wengine wote. Mtu wa kawaida akitembea kwa mwendo huohuo, maana inapungua na muda unaliwa bure. Sauti ya mwanamke anayeomboleza kila Diana, yaani Wonder Woman, anapoingia vitani nayo inarudiwa hadi masikio yanaizoea. Umbo la picha, ambalo ni karibu la mraba na linaacha weusi pande mbili za runinga, lilitusumbua dakika kumi za mwanzo, kisha tukalisahau.

Filamu hiyo imegawanywa katika sehemu sita na hitimisho, na ninawashauri watakaoitazama nyumbani wautumie mgawanyo huo. Sisi tulisimama baada ya sehemu ya nne, tukala ugali kwa migebuka, watoto wadogo wakaenda kulala, tukarudi kwa sehemu mbili zilizobaki tukiwa na hamu. Pambano la mwisho linastahili hamu hiyo. Mashujaa wanashindwa kabisa, dunia inaanza kuteketea, na Barry anakimbia kuliko mwanga mpaka wakati wenyewe unarudi nyuma na kumpa Victor nafasi ya pili; ilhali katika toleo fupi kazi kubwa ya Barry mwishoni ni kusukuma gari la familia moja iliyokwama kwenye hatari, familia ambayo tumekuwa tukirushwa kwake tangu katikati ya filamu bila kujua kwa nini.

Kisa kinafungwa na sauti ya Silas ikizungumza na mwanawe kutoka kwenye kinasa sauti, huku tukiwaona mashujaa kila mmoja akirudi kwenye maisha yake. Shangazi aliisikiliza tafsiri ya mpwa wangu hadi neno la mwisho, akajifunga khanga yake vizuri, akasema, "Imekwisha," akaenda kulala. Lakini kwenye runinga ilikuwa haijaisha. Hitimisho liliendelea na ndoto ya Batman kuhusu dunia iliyoharibika, kisha mgeni wa kutoka sayari nyingine akashuka kumsalimia, vyote viwili vikiwa ni matangazo ya filamu ambazo hazikutengenezwa. Tulibaki watatu, na mpwa wangu, ambaye hakuwa tena na wa kumtafsiria, alikuwa amesinzia mkekani kabla ya majina ya watengenezaji kuanza kupanda.