Kondomu katheta na mfuko wa mguuni: vinafaa kwa anayevuja mkojo baada ya matibabu ya tezi dume?

Mpira wa ndani, ule unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo, ukishatolewa, kwa kawaida wiki moja au mbili baada ya upasuaji wa saratani ya tezi dume, wanaume wengi huvuja wakikohoa, wakinyanyuka kitini au wakibeba ndoo. Kinachokimbiliwa dukani ni pampasi za watu wazima. Usiku hazina ubaya. Mchana, kwa joto la Mwanza na foleni ya daladala kutoka Buhongwa, ngozi ya mapajani inachubuka mapema na pakiti haimalizi wiki. Kwa mchana, hela ni bora iende kwenye kondomu katheta yenye gundi ndani, yaani ala inayovikwa uume kama kondomu na yenye tundu mbele la kuunga mrija, ikiungwa na mfuko wa mkojo wa kufunga mguuni wa mililita 500 au 750. Tunaipa alama nne kati ya tano. Ile moja imekatwa kwa sababu ya saizi.

Saizi ndiyo inayowashinda wengi. Zungusha uzi shinani mwa uume usiposimama, pima uzi kwa rula, kisha gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 94 unakupa kipenyo cha 30, na namba hiyo ndiyo ya kutafuta kwenye pakiti. Iliyo kubwa hufanya mikunjo, mkojo unapenya kwenye mikunjo hiyo na gundi inaachia. Iliyo ndogo inabana hadi uume unavimba. Muuzaji anayesema "hii inamtosha kila mtu" ana saizi moja tu dukani.

Zipo pia za mpira wa kawaida zisizo na gundi, zinazokuja na utepe wake pembeni. Ni rahisi kwa bei lakini zinahitaji mkono mwangalifu: utepe unazungushwa kwa mshazari, mwisho wake usikutane na mwanzo. Ukifunga duara kamili, au ukitumia plasta ya kidonda au raba ya kufungia hela, damu haipiti. Na mwenye mzio wa mpira aziache kabisa, atafute za silikoni.

Kuvaa: osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha hadi pawe pakavu kweli. Nywele zipunguze kwa mkasi. Wembe unaacha vipele na gundi inaviwasha. Usipake mafuta wala poda, maana hapo ndipo kondomu inapovuka ikiwa safarini. Asiyetahiriwa asivute govi nyuma. Aliache lifunike kichwa kama lilivyo. Acha nafasi ya sentimita moja hadi mbili mbele ya kichwa, kunjua hadi shinani, halafu shika kwa kiganja sekunde 15 gundi ipate joto. Badilisha kila saa 24. Kuitoa, lowesha kwa maji ya vuguvugu na uikunje taratibu bila kuivuta. Ukiona wekundu usioisha au malengelenge, pumzisha ngozi.

Mfuko nao una mambo yake. Ukae chini ya kibofu muda wote, mikanda isikaze mguu, na umwage ukifika nusu au zaidi kidogo. Ukijaa, uzito wake unaivuta kondomu. Mrija uache na ulegevu kidogo gotini. Kwa anayepanda ngazi za mawe kwenda nyumbani Mabatini au Igogo, kila hatua inakunja goti, na mrija ukijikunja mkojo unarudi na kuibandua kondomu kwa ndani. Kabla ya meli ya kwenda Nansio, ambayo ni mwendo wa saa tatu hivi, mwaga kwanza na uhakikishe koki imefungwa. Ule mfuko wa lita mbili unaouzwa kila duka la dawa ni wa kulalia: tundika ubavuni mwa kitanda, usiguse sakafu. Kutembea nao ni mateso.

Kwa aliyepigwa mionzi, shida mara nyingi ni haja ya ghafla na kuungua wakati wa kukojoa. Kondomu itamsaidia asichafuke, haitaondoa muwasho. Akipunguza maji ndipo mkojo unapokuwa mkali. Kama daktari hajamwekea kiwango, anywe lita moja na nusu hadi mbili, apunguze chai ya rangi na soda. Damu kwenye mkojo, hata ikija miaka baadaye, ni ya kupeleka hospitali.

Kuna asiyepaswa kuvaa kabisa: anayevuja kwa matone huku tumbo la chini limejaa na kuuma. Kibofu chake hakitoi mkojo, na kifaa cha nje kinaficha tatizo tu. Mkojo ukigoma kabisa kutoka, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kibanio cha uume, kile kinachoubana kwa nje ili mkojo usivuje, hatukipendekezi kwa kuanzia. Lazima kifunguliwe angalau kila baada ya saa mbili, na hakilaliwi.

Usinunue boksi zima. Kwa wengi kuvuja hupungua ndani ya miezi kadhaa hadi mwaka, hasa wakifanya mazoezi: kaza misuli kama unayezuia ushuzi, sekunde tano hadi kumi, legeza muda uleule, mara 10, mara tatu kwa siku, na yaanze mpira wa ndani ukishatoka. Chukua kondomu mbili mbili za saizi zinazofuatana, jaribu siku ambayo hutoki nyumbani, ndipo urudi dukani na namba yako.