Kuvua bass Ziwa Naivasha kwa boti ya kukodi: uzoefu wangu

Kama mnapanga kwenda Naivasha kuvua bass msimu huu wa jua kali, boti kodini, lakini fimbo na rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) mbebe zenu. Kwenye gati tulilokwenda mimi na wenzangu watatu mwishoni mwa Januari, kepteni alistahili kila shilingi tuliyolipa. Vifaa vyao vya kuvulia ni habari nyingine kabisa.

Gati lenyewe liko upande wa kusini mwa ziwa, kando ya Barabara ya Moi South Lake. Bei ni ya boti nzima, si ya kichwa. Tulitajiwa shilingi 4,000 kwa saa, na kwa vile tulichukua asubuhi yote wakatupunguzia. Mkigawana watu wanne haiumi. Jaketi za kujiokoa zipo. Moja lilikuwa na kifungo kibovu, tukasema, tukabadilishiwa palepale. Ulizeni pia mapema nani anashughulikia kibali cha kuvua, msije mkaanza kubishana mkiwa mmeshavaa jaketi.

Kwa wasiomjua, bass si samaki wa asili wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wanaovua kwa starehe, akalizoea. Siku hizi nyavu za wavuvi wa biashara hunasa sana carp, samaki aliyeanza kuonekana hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bass naye anatafutwa na watu wa fimbo, kwa sababu akishika ndoano hakubali kuvutwa kimya kimya. Huruka nje ya maji mdomo wazi, anatikisa kichwa kwa nguvu ili aiteme. Mwenzetu mmoja amekulia Kisumu na mbuta amewavuta tangu utotoni, lakini bass wa kwanza aliporuka jamaa alisimama kwenye boti mpaka kepteni akamwambia, "Kaa chini, baba, boti si jukwaa."

Mzee huyu ndiye sababu ya mimi kuandika. Bass huwinda kwa kuvizia, kwa hiyo hupenda kukaa penye kivuli na maficho, na jua likipanda huingia ndani zaidi. Tangu maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020, migunga mingi iliyokuwa nchi kavu imekufa ikiwa imesimama majini. Wageni huipiga picha kwa ajili ya mnandi na furukombe wanaotua juu yake. Mzee alikuwa anaangalia chini, kwenye mashina. Alizima injini mbali, akatuingiza kwa kasia bila kugonga hata tawi, kisha akatuonyesha kwa kidole ni wapi hasa chambo kidondoke: upande wa kivuli, karibu kabisa na shina.

Hapo ndipo ubovu wa vifaa vyao ulipoonekana. Rili mbili kati ya tulizopewa breki zake zilikuwa zimekufa. Mshipi ulikuwa wa zamani, umejikunja mizingo mizingo, na samaki mzuri kuliko wote asubuhi ile aliukata kwenye mti akaenda zake. Afadhali mmoja wetu alikuwa na fimbo yake yenye mshipi mpya unaohimili uzito wa ratili 12, na chambo laini cha plastiki chenye umbo la kamba wa maji baridi. Kamba hao wekundu wanatokana na waliopandikizwa Naivasha mwaka 1970, na bass huwala sana. Ncha ya ndoano ilifichwa ndani ya plastiki yenyewe, hivyo haikunasa matawini wala kwenye gugu maji. Unakiacha kizame, unakivuta kidogo, unakiacha tena. Fimbo hiyo moja ilitoa samaki wengi kuliko zetu tatu za kukodi zikijumlishwa, na mwishowe tukawa tunapokezana.

Kuhusu kiboko sitawaficha. Mchana hupumzika kwenye maji mafupi kando ya mafunjo, na ukingo huohuo wa mafunjo bass huupenda. Kuna kona moja tuliyoitamani sote; tulikuwa tumeshaona maji yakiruka mara mbili. Mzee akatazama mapovu, akaona masikio ya kiboko jike na ndama wake, akageuza boti bila kutuuliza. Kepteni anayekubali kusogea pale kwa sababu mteja amemwongeza mia tano, msipande boti yake.

Saa tano hivi akasema, "Vijana, tuanze kurudi." Hakukuwa na hata wimbi. Tulinung'unika kidogo, maana samaki walikuwa bado wanashika, lakini hakulegea. Kabla hatujafika gatini upepo ulishaanza, na katikati ya ziwa mawimbi yalikuwa yanapiga povu jeupe. Naivasha ndivyo ilivyo: asubuhi shwari, adhuhuri ikipita upepo unalichafua ziwa. Kwa hiyo muwe majini kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mkiweza mlale hukohuko badala ya kutoka Nairobi usiku.

Wadogo tuliwarudisha wote. Mshike kwa mdomo wa chini kwa kidole gumba, meno yake ni kama msasa tu, hayakati. Lowesha mkono kwanza, mtoe ndoano, mwachie. Wawili wakubwa tulibaki nao, wakakaangwa wazima kwa chumvi na limau kwenye kibanda cha mama mmoja nje ya gati. Nyama nyeupe, ngumu kiasi, miiba michache. Kwa ugali sikuona haja ya mchuzi.

Kepteni nampa tano kwa tano. Vifaa nawapa moja, na niliwaambia hivyo wenyewe wakati wa kulipa.