Mbegu za fahali waliopimwa kinga: nimekaa nazo miaka mitano ndo naandika

Mirija mitatu ya hizo mbegu nilinunua mwishoni mwa 2020, sasa hivi ndo nina la kusema, maana hii sio simu kwamba unaitumia wiki moja unatoa nyota. Unapandisha, unasubiri miezi 9, ndama akue awe mtamba, naye apandishwe, azae, ndo ukamue. Kwahiyo wewe uliyepandisha juzi halafu unaniuliza kama inalipa, tulia kwanza.

Niko Machame, ng'ombe wanne, banda liko nyuma ya migomba. Mama lao ni Sifa, chotara wa Friziani, maziwa anayo, lita 14 kwa siku akiwa vizuri, ila kiwele jamani. Kila masika chuchu ya nyuma kushoto lazima iumwe. Ile mikamuo ya kwanza ukiipiga kwenye kitambaa cheusi unaona vibonge vidogo kama mtindi uliovurugwa, basi hapo ujue ni sindano na dawa ya kuingiza kwenye chuchu na siku kadhaa za kumwaga maziwa. Na hata dawa ikishaisha mwilini kituo cha kukusanyia maziwa walikuwa wanayakataa, laktomita (kile kipimo cha kujua kama umetia maji) inasoma vizuri tu lakini wakichanganya na spiriti yanaganda. Kurudi na ndoo ya lita 12 unapita mbele ya majirani wanaokuona, we acha tu.

Ndo nikaanza kuelewa kwamba maziwa yanaweza kuwa meupe kabisa na bado ni mabovu. Kiwele kikiumwa chembe nyeupe za damu zinamiminika kwenye maziwa, laktosi (sukari ya maziwa) inashuka, kaseini (protini ya maziwa) inashuka, chumvi inapanda, ndo maana mama watoto alikuwa akigandisha yanatoa maji mengi juu na sisi tunalaumu sufuria. Wazungu wanahesabu hizo chembe, ikizidi 200,000 kwa mililita moja wanajua ng'ombe huyo kiwele kina tatizo, na Ulaya maziwa ya shamba hayatakiwi kuzidi 400,000.

Sasa hii mbegu yenyewe. Asili ya hiyo kazi ni Chuo Kikuu cha Guelph kule Kanada, timu ya Bonnie Mallard, na kampuni ya Semex ndo ikaipeleka sokoni kwa jina la Immunity+. Wanachofanya ni kumchoma mnyama vitu visivyo na madhara halafu wanaangalia mwili unajibuje: damu imetoa kingamwili kiasi gani, na ngozi pale walipochoma imevimba kiasi gani. Wanapima vyote viwili kwa sababu askari wanaopigana na bakteria walioko nje ya seli sio wale wale wanaopigana na vijidudu vilivyojificha ndani. Wanaofanya vizuri kotekote ndo wanatiwa alama. Na hii kitu inarithiwa kuliko nilivyodhani, wanasema karibu robo ya tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe inatoka kwenye damu, iliyobaki ni banda lako na mikono yako.

Kuna jeni moja inatajwa sana, DRB3, iko kromosomu ya 23, ina matoleo zaidi ya 100. Kazi yake ni kama kumshika mwizi na kumwonyesha kwa askari, na kila toleo linashika wezi wake. Ng'ombe aliyepata toleo moja kwa baba na lingine tofauti kwa mama anatambua wengi zaidi. Hapo nikawaza dume letu la kijiji, ambaye amepanda mama, akapanda binti, sasa hivi anapanda mjukuu, na sisi tunashangaa masika ikifika banda zima linaumwa!

Haya, matokeo. Mrija wa kwanza haukushika. Mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mrija (simtaji), alikuja jioni wakati nimempigia asubuhi, akafungua mtungi naitrojeni ya kugandishia mbegu iko chini kabisa, akayeyushia mrija kwenye kiganja badala ya maji ya vuguvugu nyuzi 35 hivi, na hela akachukua. Elfu 60 imeenda. Wa pili ukashika, dume. Wa tatu Septemba 2022 akatoka jike, Neema, na Neema kazaa Oktoba 2024.

Masika ya mwaka huu nikanunua kile kisahani cha vikombe vinne cha kupimia kiwele, unakamua kila chuchu kikombe chake, unatia dawa kiasi hicho hicho, unazungusha. Sifa kikombe cha nyuma kushoto kikawa uteute, unakiinamisha unateleza kwa pamoja kama ute wa yai. Binti yake mwingine, wa dume la kijiji, vikombe viwili vikawa vizito. Neema vyote vinne majimaji. Nikarudia baada ya wiki mbili, hivyo hivyo. Banda moja, tope lile lile, mkamuaji ni mimi.

Ila ng'ombe mmoja sio utafiti, hilo nalijua, na Neema ni uzao wa kwanza ambapo viwele vingi bado viko salama. Halafu fahali anatoa nusu tu, nusu nyingine ni ya Sifa, kwahiyo ukipata ndama aliyechukua ubovu wa mama yake usimtukane muuzaji. Lita hazijaongezeka, Neema anatoa 13. Nilichopata ni kwamba tangu azae kituo hawajanirudishia ndoo yake hata siku moja.

Nyota 4 kwa 5. Moja nimekata kwa bei na kwa sababu karatasi ya fahali niliyopewa ilikuwa na lita kwa herufi kubwa na alama ya chembe za maziwa ya mabinti zake pembeni kwa herufi za sisimizi, na hiyo ndo niliyoifuata. Ukienda kununua ulizia hiyo, na ulizia mtungi una naitrojeni kiasi gani kabla hujatoa hela.

Neema nimempandisha tena, fahali mwingine kabisa, sio baba yake.