Baiskeli mbali na magari: Ahero au msitu wa Kakamega?

Ukiwa Kisumu na umechoka kupuliziwa moshi na malori, njia hizi mbili zinafaa kufikiriwa.

Ahero ni tambarare tupu. Ukiacha lami unashika vijia vya kando ya mifereji ya skimu ya mpunga, ambayo maji yake husukumwa kwa pampu kutoka mto Nyando. Hakuna mlima, kwa hiyo hata baiskeli isiyo na gea inatosha. Yangeyange wamejaa majarubani. Shida ni ule udongo mweusi: mvua kidogo tu, unaganda kwenye tairi, unajaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na wewe ndiye unayembeba farasi. Kivuli nacho ni haba.

Kakamega ni kitu kingine kabisa. Hiki ndicho kipande cha Kenya cha ile misitu ya mvua iliyoenea hadi Kongo. Anzia Isecheno, ulipie langoni, kisha uelekee kilima cha Lirhanda kwa njia nyekundu iliyofunikwa na miti. Unamsikia hondohondo kabla hujamwona, mabawa yake yakivuma juu ya kichwa. Mbega nao wanaruka, mikia myeupe ikining'inia. Kuna vilima na mizizi inayoteleza, hivyo breki ziwe nzima. Toka asubuhi, maana mvua hupenda alasiri.

Mimi nachagua Kakamega bila kusita. Lakini ukiwa na mtoto anayejifunza, mpeleke Ahero wakati wa kiangazi, na maji ya kunywa ya kutosha.