Kabati la Hali ya Hewa Isiyotabirika: Nini Kianze, Nini Kisubiri

Siku inaanza na jua, saa sita upepo unavuma, jioni mvua inakukuta njiani. Kwa miaka mingi nilijiandaa kwa siku kama hizo kwa kununua koti zito kuliko la mwaka uliotangulia. Nilikuwa nalowa jasho nikipanda ngazi, kisha natetemeka nikisimama kungoja basi, kwa sababu jasho lile lilikuwa bado limo ndani ya fulana. Koti halikuwa na kasoro. Nilikuwa nikiuliza kama nguo inatia joto, nilipaswa kuuliza ikilowa inakuwaje na inakauka baada ya muda gani.

Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo. La pili, ambalo kwangu lina uzito karibu sawa, ni hili: ikichanika, fundi ataweza kuishona?

Nguo ya nje itangulie

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kizuri, kiwe jaketi la mvua.

Nafasi ya kwanza ni jaketi jepesi lisilojazwa kitu ndani, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta. Wengi hulirudisha rafuni wakiona lilivyo jembamba, na wembamba huo ndio faida yake: siku ya joto unalivaa juu ya fulana, siku ya baridi juu ya sweta, jua likitoka unalikunja na kulitia kwenye mkoba. Lebo nyingi hutaja kinga ya maji kwa milimita, yaani urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa hustahimili kabla ya kuanza kupenyeza. Kwa manyunyu, 5,000 zinatosha. Kwa mvua za kila mara tafuta 10,000. Zile za 20,000 ni za anayetembea saa nyingi akiwa na mkoba mzito mgongoni, maana mikanda ya mkoba hukandamiza maji yaingie. Lakini namba hiyo ni ya kitambaa, si ya jaketi zima. Geuza jaketi ndani nje uone kama kila mshono umebandikwa utepe. Matundu ya sindano yasiyozibwa ndiyo yanayotangulia kuvuja, mara nyingi mabegani.

Ningelipia zaidi zipu za kwapani. Lebo zinaweza kusifu kitambaa kwamba kinapumua, lakini zipu hizo hutoa joto papo hapo unapozifungua, na hazichoki haraka kama utando, yaani ile ngozi nyembamba iliyobandikwa ndani ya kitambaa kuzuia maji. Kofia nayo iwe na kamba ya kukaza kwa nyuma, ili ukigeuza kichwa igeuke pamoja nawe badala ya kukufunika jicho.

Kuna jambo linalofanya watu watupe majaketi mazima. Baada ya miezi ya matumizi, matone hayatiririki tena, kitambaa cha juu kinalowa, na mvaaji anahisi unyevu ndani. Anadhani jaketi limevuja. Mara nyingi unyevu ule ni jasho lake mwenyewe, lililokosa pa kutokea kwa sababu kitambaa cha juu kimejaa maji. Lifue kwa sabuni ya maji isiyo kali, bila dawa ya kulainisha nguo, lisuuze sana, kisha, kama lebo inaruhusu, likaushe kwa joto la wastani. Joto hilo huamsha dawa ya kufukuza maji iliyomo kwenye kitambaa. Isipoamka, ipo ya kupulizia au ya kufulia. Majaketi mengi mapya yameachana na kemikali za zamani zenye florini kwa sababu hukaa mno katika maji na udongo, na dawa zilizochukua nafasi yake huhitaji kuamshwa mara nyingi zaidi. Usumbufu huo naukubali kwa moyo mweupe.

Ukinunua jaketi la mtumba, kagua upande wa ndani, hasa shingoni. Utando unaobanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua na jua hautibiki. Liache.

Nafasi ya pili ni koti la pamba nzito lililopakwa nta. Ni zito, halitaki mashine ya kufulia, na likiwa jipya huacha alama kwenye viti. Ila linavumilia miiba na kuburuzwa, hukubali kiraka, na nta ikififia unapaka nyingine. Kwa anayefanya kazi nje kutwa, ningelipandisha liwe la kwanza.

Ya tatu ni jaketi la kukinga upepo, linalofaa pale ambapo mvua ni rasharasha. Ya nne ni koti lililojazwa manyoya ya bata. Likiwa kavu, ni vigumu kupata lingine linalotia joto kiasi hicho kwa uzito mdogo hivyo. Likilowa, manyoya hugandamana, hewa iliyokuwa ikitunza joto hutoweka, na kulikausha ni kazi. Kwa baridi kavu ni zuri sana. Kwa siku zinazogeuka geuka, lisubiri.

Tabaka za ndani

Sweta la sufu ndilo la kwanza. Sufu inaweza kunyonya mvuke hadi karibu 30% ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na haishiki harufu upesi. Flisi, kitambaa laini chenye manyoya kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki, inaifuata kwa karibu. Hukauka ndani ya saa chache, haina masharti ya kufua, na asiyekuwa na muda wa kufua sweta kwa mkono ana haki ya kuitanguliza. Kasoro zake ni kwamba upepo hupita, na kila ikifuliwa huacha nyuzi ndogo za plastiki majini. Sweta nzito la pamba lenye kofia, ambalo karibu kila mtu analo, ni la mwisho. Likilowa linaweza kukaa siku mbili kwenye kamba.

Fulana bora ya kugusa mwili ni ya sufu ya merino, kondoo wa sufu laini, yenye nyuzi za unene wa maikroni 19 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) au chini, kwa kuwa nyuzi nene zaidi ndizo zinazowasha ngozi. Chagua iliyochanganywa na nailoni kidogo. Merino tupu iliyo nyembamba hutoboka mapema, na inauma kwa bei yake. Baada ya hiyo, mchanganyiko wa pamba na poliesta. Pamba tupu naivaa siku kavu, iwe ya gramu 180 au zaidi kwa mita ya mraba. Poliesta tupu hukauka haraka kuliko zote kwa sababu haishiki maji hata 1%, lakini harufu ya jasho huing'ang'ania.

Suruali, kwa ufupi: pamba iliyochanganywa na nailoni, isiyovutika sana, kwa sababu nyuzi za kuvutika hulegea kwa joto la mara kwa mara na magoti huvimba. Jinzi hudumu, ila ikilowa utaibeba kutwa.

Dukani, kabla ya kulipa

Vuta kitambaa pande mbili za mshono. Ukiona mwanga kati ya nyuzi, nguo hiyo itafumuka hapo hapo. Hesabu hatua za uzi: shati zuri huwa na 6 hadi 8 kwa sentimita, kitambaa kizito kama jinzi huhitaji pungufu ya hizo. Tazama pembe za mifuko. Mwaka 1873 Jacob Davis na Levi Strauss walipata hataza ya vipini vya shaba, yaani misumari mifupi ya kubana kitambaa, vya kuimarisha suruali za kazi, kwa sababu mifuko ilikuwa ikichanika kwenye pembe. Bado huchanika pale pale. Kama hakuna kipini wala mshono mzito uliorudiwa, rudisha. Mwisho, fungua na ufunge zipu mara kumi, kwa kuwa kubadilisha zipu ya jaketi la mvua ni kazi ngumu hata kwa fundi hodari.

Viatu

Kiatu cha ngozi kilichoshonwa soli kwenye ukanda unaokizunguka ndicho chaguo langu la kwanza, maana fundi viatu anaweza kung'oa soli iliyolika na kushona nyingine. Cha soli ya gundi ni chepesi na cha bei nafuu, lakini soli ikilika mara nyingi safari imeisha. Buti za mpira ni kwa mafuriko na tope tu, kwani jasho halina njia. Vyovyote utakavyochagua, nunua jozi mbili kabla ya kununua sweta la tatu. Ngozi inahitaji kama siku nzima kukauka baada ya kuvaliwa, na kiatu kinachovaliwa kila siku kikiwa bado kibichi hukunjamana na kupasuka.

Idadi ya nguo nyingine iamuliwe na kamba ya kuanikia. Hesabu siku zinazopita kati ya kufua na kufua, ongeza siku ambazo fulana yako huchukua kukauka wakati wa mvua, na hiyo ndiyo idadi ya fulana unazohitaji. Ukifua kila siku ya tano na fulana zikakauka kwa mbili, ni saba. Zikikauka usiku mmoja, sita.